Nizimie Hii Taa

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ngamiani, Tanga. Ombi lililonilisha miaka yote hii, na kusomesha wanangu, ni hili: "Fundi, nizimie hii taa." Watu hawakuniletea hitilafu, waliniletea taa. Ile nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua, ile ya njano yenye herufi ABS, ile nyingine nyekundu yenye alama ya mshangao. Wengi walitaka iondoke kwenye dashibodi kabla ya safari, au kabla mnunuzi hajafika kuangalia gari. Kilichoiwasha hakikuwamo kwenye bei tuliyokuwa tukivutana.

Nilianza kazi mahali ambapo taa za kuzima zilikuwa chache. Mwaka 1984 nilichukuliwa kibarua kwenye karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Landrover za pale zilikuwa na taa ya chaji, taa ya presha ya oili na ile ya bluu ya fulu, basi. Mikanda ya viti haikuwapo. Breki zilikuwa dramu magurudumu yote manne, na kwenye zile kongwe mafuta yalipita njia moja tu kutoka kwenye masta silinda, hivyo paipu moja ikipasuka gari zima halina breki. Fundi mkuu, mzee wa Kibondei tuliyemwita Mjomba, alikuwa haingizi gia asubuhi kabla ya kukanyaga pedeli kwa nguvu na kuhesabu kimoyomoyo huku ameishikilia. Ikibaki juu, twende. Ikizama polepole chini ya mguu, gari halitoki, hata kama meneja amesimama pale ananung'unika.

Chombo chake cha kupimia kilikuwa balbu ndogo yenye waya mbili. Kwa balbu hiyo nilijifunza kufuata umeme kutoka betri hadi fyuzi, fyuzi hadi swichi, swichi hadi mtumiaji, kisha kurudi kwenye bodi. Landrover za zamani zaidi ziliunganishwa chanya kwenye bodi badala ya hasi, na mara kwa mara kijana mgeni alifunga betri kwa mazoea akasikia harufu ya waya unaoungua. Mjomba hakupiga kelele. Alikupa waya mpya na kukuachia gari mchana kutwa.

Kamba za plastiki ziliua soko la mkonge na karakana ikapunguza watu. Mwaka 1991 nilihamia mjini na kujibanza kwenye uwanja wa gereji bubu pamoja na mpiga rangi na fundi wa rejeta. Siku hizo mtu mwenye gari alikuwa na Peugeot 504, au pikapu ya Datsun, au gari la idara. Kazi yangu ilikuwa dainamo, stata, honi na indiketa. Kisha ukaja mtumba wa Japani, kwanza mmoja mmoja, halafu mkururo.

Corolla ya kwanza yenye maandishi SRS katikati ya usukani niliiona mwaka 1999. Mwenyewe alilalamika kwamba honi haifanyi kazi na kuna taa isiyozimika. Kwa macho ya fundi wa Landrover, honi ni waya, kitufe na ethi. Nilipochungulia chini ya usukani nilikuta nyaya zilizovikwa ganda la manjano na soketi ya manjano. Sikuzigusa. Nilimwambia mwenye gari arudi wiki inayofuata, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kitabu. Nilikipata Kariakoo, cha Kiingereza, kurasa nyingine zimenyofoka, nikakisoma kwa kamusi. Kilichonishika ni onyo moja lililorudiwa karibu kila ukurasa: ondoa waya hasi wa betri, kisha ngoja angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha manjano. Kompyuta ya mfuko wa hewa, au eabegi kama tunavyoiita, ina akiba yake ya umeme, ili gari likigongwa na betri ikakatika mara moja, bado iweze kufyatua. Akiba hiyohiyo yaweza kumfyatulia fundi usoni.

Honi ile ilikuwa imekufa kwa sababu ya utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringa ndani ya kisanduku cha duara nyuma ya usukani. Utepe huo hujikunja na kujikunjua kila unapokata kona, na umepitisha waya wa honi pamoja na wa eabegi. Fundi aliyetangulia alifungua usukani, akauzungusha mkononi, akaurudisha bila kuuweka katikati. Kona ya kwanza kali ikaukata. Tangu siku hiyo, gari likija honi kimya na taa ya eabegi inawaka, nauliza kwanza ni nani aliyefungua usukani na lini. Mara nyingi jibu ndilo matengenezo yenyewe.

Hapa ndipo ombi la kuzima taa lilipoanza kunisumbua. Gari lililogongwa likafyatua mifuko yake ni hasara kubwa, maana mifuko, kompyuta na vivuta mkanda vyote hubadilishwa. Kwa hiyo mtaani zikazuka njia za mkato, na mafundi wenye mikono mizuri ndio waliozibuni. Mmoja hung'oa balbu ya taa. Huyo ni mvivu, anakamatwa haraka. Mwingine huweka rezista ndogo, omu mbili hivi, mahali pa eabegi, na kompyuta ikipima njia huona kila kitu kipo. Mwingine huunganisha waya wa taa ya eabegi na wa taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja. Dashibodi iliyopasuka hutiwa gundi, ikapigwa rangi, ikafunikwa kwa kitambaa chenye manyoya.

Kwa hiyo mtu akiniita nimkagulie gari la kununua, kazi huanza kabla injini haijawaka. Nawasha swichi bila kupiga stata. Taa zote za onyo lazima zijitokeze. Ile ya eabegi ibaki kama sekunde sita, kisha ijizimie yenyewe, injini ikiwa bado kimya. Isipojitokeza kabisa, kuna mtu ameingia humo. Ikisubiri kuzimika pamoja na ya oili baada ya injini kuwaka, kuna mtu ameingia pia. Raum moja nzuri sana, rangi ya maziwa, ilishindwa mtihani huo mbele ya mnunuzi, mama muuza vitenge. Nilipoomba ruhusa ya kufungua kifuniko cha upande wa abiria, dalali alinivuta pembeni akanambia, "Fundi mkubwa, kila mtu ale." Tulifungua. Ndani palijaa sponji ya godoro. Yule mama aliichomoa mwenyewe, akaigeuza mkononi, akamkabidhi dalali bila neno. Dalali yule aliacha kuniletea wateja, na kwa miezi kadhaa niliusikia upungufu huo mfukoni.

Mambo ya eabegi yalipochukua sura nyingine, yalitugusa watu wa pwani kuliko wengine. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifyatuzi vinavyotumia amonia naitreti. Unga huo ukikaa miaka kwenye joto linalopanda na kushuka, na unyevu hewani, hubadilika. Siku ya ajali huwaka kwa nguvu iliyozidi, kopo la chuma hupasuka, na mfuko uliokuja kukuokoa hurusha vipande vya chuma. Honda ilianza kuyaita magari yake yarekebishwe mwaka 2008, na mwaka 2013 Toyota, Nissan na Mazda nazo zikaita mamilioni. Takata yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2017. Sisi huku, joto na unyevu ni hewa tunayovuta, na gari linalouzwa mara tatu kutoka bandarini hadi Ngamiani halipokei barua kutoka kwa aliyelitengeneza.

Nilichoweza kufanya ni kidogo lakini kilikuwa kitu. Binti yangu alinionesha jinsi ya kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuona kama gari linadaiwa kubadilishwa kifyatuzi. Nikaanza kuwafanyia wateja bure wakati wanasubiri kazi nyingine. Wengine walishukuru na kufuatilia Dar. Wengine walisema, "Kwani kwenye bima yangu itaandikwa?" Mmoja aliniambia nizime eabegi kabisa. Nilikataa, na nikamweleza kwamba ukiondoa eabegi mashine nzima ya mkanda nayo huyumba, kwa kuwa kompyuta ndiyo hiyohiyo: gari likigonga, papo hapo hukaza mkanda kwanza ukuvute kitini, na mfuko hujaa katika muda usiofika sehemu ya ishirini ya sekunde. Ukiwa huna mkanda, unarushwa mbele wakati mfuko ndio kwanza unatoka, na mnakutana njiani.

Kuhusu mkanda nina hasira ambayo umri haujaipunguza. Mkanda wa ncha tatu ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni yake ikawaachia watengenezaji wengine waitumie hataza. Zawadi ya namna hiyo, halafu mtu analeta gari nimtafutie kile kidude cha kuchomeka kwenye kishikio ili kengele inyamaze! Vinauzwa hadharani, vimenakshiwa nembo ya gari. Nyuma ndiko kubaya zaidi. Mtu akinunua gari tu, hukimbilia kushona makava ya viti, na fundi wa makava hufukia vishikio vyote chini ya ngozi bandia. Nimeinua makava nikakuta mikanda ya nyuma bado ina mkunjo wa kiwandani, haijavutwa tangu Japani. Na mama amekaa mbele na mtoto mapajani, anaamini mikono yake. Gari likisimama ghafla kwa kugonga likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvuta mikono hiyo kwa uzito unaozidi kilo 100. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata wa Kisambaa anayeshuka mlima na mzigo wa kuni.

Milima ya Usambara ndiyo iliyonipa wateja wa breki, ingawa mimi si fundi breki. Barabara ya Lushoto kushuka Soni hadi Mombo ni kona baada ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na Noah, taa ya ABS inawaka, akiomba ile ile dawa: izime. Alishasaidiwa na mtu wa huko kwa kung'oa fyuzi, ila taa ikakataa. Nikamwambia, taa hiyo ikiwa peke yake, breki za kawaida bado unazo. Ulichopoteza ni ule msaada unaozuia gurudumu lisifunge ukikanyaga kwa hofu, ili usukani uendelee kukusikiliza. Msaada huo Bosch waliuleta kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978, na hadi leo watu huuogopa unapofanya kazi, kwa sababu pedeli hutetemeka na kugonga mguu. Wanaiachia. Ni wakati wa kuikandamiza na kuishikilia. Lakini ABS ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama, usijadiliane nayo.

Chanzo cha taa ya mwalimu kilikuwa sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Ncha yake ni sumaku, na ilikuwa imevaa ndevu za vumbi la chuma na udongo mwekundu. Nikaifuta, nikapima waya, nikaiona inasoma. Wakati huo kijana wangu alikuwa amefungua kifuniko cha mafuta ya breki na kuniita. Yalikuwa meusi kama kahawa ya mtungini. Nikamuuliza mwalimu kama pedeli huwahi kulegea akishuka. Akanitazama, akasema ndiyo, karibu na Soni, akiwa na familia na magunia ya kabichi. Hukanyaga mara mbili tatu ikarudi. Hakuwa amemwambia mtu.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishalewa maji, kiwango hicho huporomoka hadi nyuzi 140 hivi, na mteremko mrefu ukiwa umekanyaga breki muda wote huzifikisha kalipa huko bila shida. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedeli inashuka, gari halisimami. Ukipumzika kidogo mvuke unapoa, breki zinarudi, na dereva anasema gari lilikuwa na wenge tu. Tulimwaga mafuta yote, tukatoa upepo gurudumu moja moja tukianzia la mbali, nikamwambia abadilishe kila miaka miwili na ashuke kwa gia ndogo. Alikuwa hajui kama gia otomatiki ina gia ndogo. Mkono wake ulikuwa haujawahi kuvuka D.

Hilo nalikuta kila siku, na silioni kuwa ujinga. Magari haya yalitengenezwa kwa Wajapani, na kitabu chake, kikibahatika kubaki kwenye droo, ni cha Kijapani. Mtu anaendesha miaka mitano na sauti ya mwanamke ikimsalimia kila asubuhi. Wateja wangu wengine huijibu. Kumbe anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haimo. Kile kigurudumu chenye namba karibu na usukani, sifuri hadi tano, watu hudhani ni cha mwanga wa dashibodi. Kinashusha taa za mbele ukibeba mzigo nyuma, usimpofushe anayekuja. Karatasi ya upepo wa matairi imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Imeandikwa 220, ni kilopaskali, sawa na 32 za geji zetu, lakini wapo wajaza upepo wanaotia 40 kila gari, na dereva anashukuru kwamba "linateleza".

Chini ya dashibodi, upande wa miguu ya abiria, kuna kijiti chekundu kilichoning'inizwa. Ni fataki ya dharura, sheria ya Japani inataka kila gari liwe nayo, na huwaka dakika tano kwa moto mkali mwekundu. Kijana mmoja aliyekuja na babake aliivuta akaisugua kwenye kifuniko chake uwanjani kwetu, mita chache kutoka kwa mpiga rangi na makopo yake ya tina. Tulimwaga mchanga, haikujali. Tangu hapo gari likiingia nachomoa kijiti kwanza, naweka kwenye kopo la bati, narudisha wakati wa kutoka.

Matairi nisiyaseme sana, yanatosha makala yake. Ila ukiona pembeni limeandikwa STUDLESS, hilo ni la theluji, limetoka Hokkaido huko. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi, na kwenye lami ya Segera saa saba mchana huliwa haraka na breki zake ni ndefu. Tazama pia namba nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na uzee wa kustaafu.

Siku hizi uwanja ninaushika na vijana wawili, mmoja katoka VETA. Wana mashine ya kupimia inayozungumza na simu. Mwanzoni niliiona kuwa njia nyingine ya kuzima taa, na kwa mikono mingi ndivyo ilivyo: chomeka, futa kodi ya hitilafu, chukua hela, taa itarudi mteja akifika Pongwe. Kijana wangu nimemwekea sharti moja. Kodi iandikwe kwenye daftari kabla ya kufutwa, na mteja aione. Daftari limegombanisha watu na bei zetu, lakini pia limerudisha watu waliotuacha.

Mwaka jana liliingia gari jipya kuliko yote tuliyowahi kushika, lina kamera kwenye kioo cha mbele inayosoma mistari ya barabara na kufunga breki lenyewe likiona hatari. Mwenyewe alibadilisha kioo baada ya jiwe la lori kukipasua. Taa zikawaka tatu kwa mpigo. Kijana aliniita nikavaa miwani, nikatazama kimashine kile nyuma ya kioo cha ndani, nikamwachia. Ndiye aliyegundua kwamba kamera ikihamishwa hata kidogo lazima ifundishwe upya kutazama, kwa bodi zenye michoro zinazosimamishwa mbele ya gari kwa vipimo maalumu. Sisi hatukuwa nazo. Tukamwambia mteja ukweli, akaenda Dar, akarudi taa zote zimelala na amepiga picha za kazi nzima kwa sababu kijana alimwomba.

Sasa kijana ana michoro ya bodi hizo kwenye daftari, na seremala wa mtaa wa pili amekubali kumkatia plaiwudi. Nimemwambia kabla ya plaiwudi atafute saruji. Gari linatakiwa kusimama mahali palipo sawa kabisa, na uwanja wetu una mteremko kuelekea mtaroni tangu 1991.